Betri ya Pili ya Bwana Futi

Shemeji yangu aliingiza pikapu yake gereji asubuhi, akaipaki pale pale ninapowakataza watu kupaki, akaanza kunieleza kazi yangu. Ni mume wa dada yangu wa kati. Alikuwa mpimaji ardhi mpaka alipostaafu, na mtaani wanamwita Bwana Futi, kwa sababu ukimwambia mahali fulani ni mbali atakuuliza mbali kiasi gani, na ukishamjibu atakusahihisha. Mimi nilikuwa nimelala chini ya gari la mteja mwingine, kwa hiyo mazungumzo yetu niliyafanya na viatu vyake.

"Nataka uniwekee betri ya pili," alisema. "Hii ya mbele ibaki ya kuwashia gari tu. Hiyo nyingine ikae nyuma, iwe ya mashine ya dada yako. Nataka nimpeleke ziwani tukapige kambi, kama zamani."

"Mwenyewe amekubali?"

"Hajakataa."

"Shemeji, kutokataa na kukubali ni vitu viwili."

"Wewe funga betri," akasema. "Ndoa niachie mimi."

Aliweka ufunguo juu ya benchi, akaenda zake kwa miguu, mgongo umenyooka kama mtu anayefuata mstari aliouchora mwenyewe. Nilitoka chini ya lile gari, nikaisogeza pikapu mahali pake.

Hiyo mashine ni hivi. Dada akilala, koo lake linajifunga. Pumzi inakatika, kunakuwa kimya, halafu inarudi kwa kishindo, naye asubuhi hana habari. Kwa miaka mingi sisi tuliita kukoroma, tukamcheka, mpaka hospitali walipompa kimashine chenye bomba na barakoa kinachompulizia hewa usiku kucha. Daktari akamwonya asilale bila hicho kitu hata usiku mmoja, kwa sababu usingizi wa kukatika pumzi unaula moyo kidogo kidogo. Kimashine kinataka umeme, na tangu akipate, dada hajalala mahali pasipo na soketi.

Kabla ya hapo walikuwa watu wa porini. Shemeji alimaliza nusu ya maisha yake ya kazi ndani ya hema, na dada alimfuata kila watoto walipofunga shule. Alipostaafu tulidhani atashukuru kupata kitanda. Akanunua hema jipya.

Watu wengi hudhani kuongeza betri kwenye gari ni kuweka ya pili kando ya ya kwanza, basi, mambo yameisha. Wananikera sana watu hao. Ukiziunganisha hivyo hivyo, betri iliyochoka inamnyonya mwenzake, na asubuhi unakuta zote zimekufa, wewe uko porini na nyani wanakuangalia. Inatakiwa rilei katikati, inayoziunganisha injini ikiwaka na kuzitenganisha injini ikizimwa. Hapo ya nyuma hata ikinyonywa mpaka tone la mwisho, ya mbele haina habari, na gari litawaka.

Nilichomelea sanduku la chuma, nikalifunga kwa bolti kwenye bodi nyuma ya kebini, nikatoboa matundu ya hewa. Ndani nikaweka betri ya sola, ile nzito inayovumilia kutoa umeme polepole usiku mzima. Betri ya kawaida ya gari ni ya kutoa nguvu nyingi mara moja kisha ipumzike; ukiitumia kwa kazi ya usiku inakufa kabla ya wakati wake. Fyuzi nikaweka mbili, kila moja karibu kabisa na betri yake, maana waya usio na fyuzi ukikwaruzana na bodi unawasha moto, na hapo utapiga kambi kwenye majivu. Kazi ilikuwa safi. Nasema hivyo kwa sababu hakuna mwingine atakayesema.

Keshoye dada alikuja peke yake. Dada ni fundi cherehani, na hata akienda sokoni husahau kuvua ile futi ya kupimia watu inayoning'inia shingoni mwake. Watu husema ile nyumba ina futi mbili na hakuna anayemshinda mwenzake. Alizunguka pikapu, akagusa sanduku, akauliza kama betri itatosha usiku mzima.

"Ukizima kile kisehemu kinachopasha maji ya kulainisha hewa, itatosha na kubaki kidogo," nilimwambia. "Ukikiwasha, sikuhakikishii."

"Koo likikauka nitavumilia."

Alifungua mkoba, akatoa kipande cha boksi alichokizungushia uzi mweupe. "Waya wa kutoka kwenye betri mpaka kwenye mashine, ukate sawa na uzi huu."

Nilianza kuufungua ule uzi. Ukamaliza karakana, ukatoka mlangoni, ukampita fundi wa matairi wa jirani, na bado ulikuwepo kwenye boksi.

"Dada, hema lenu mtalipiga wilaya nyingine?"

Hakucheka. "Si wa hema," alisema. "Nataka nikalale kwa Dada Mkubwa."

Nikaukunja uzi taratibu na kumtafutia kiti, maana hilo si neno la kulizungumza mtu akiwa amesimama.

Dada Mkubwa ndiye kifungua mimba wetu, na anakaa kwenye nyumba ya wazazi, huko ambako nguzo za umeme zimefika njia panda zikakata tamaa. Baba alipofariki tuliamua eneo lipimwe ili kila mtu ajue mipaka. Nani apime, kama si shemeji? Alipima bila kutudai hata asante. Mstari wa njia ya watu wote ukaja kupita katikati ya jiko la nje la Dada Mkubwa, jiko ambalo mama alipikia maisha yake yote. Dada Mkubwa akamwomba ausogeze kidogo tu, upana wa kizingiti, na hakuna jirani ambaye angelalamika. Shemeji akasema kipimo ni kipimo. Sheria ilikuwa upande wake, na hilo ndilo lililoharibu kila kitu, kwa sababu mtu mwenye haki haoni cha kuomba radhi. Jiko likabomolewa. Dada Mkubwa akajenga jingine upande wa pili wa nyumba, akaapa kwamba hatamsemesha tena mtu yule, na Dada Mkubwa akiapa ujue imekwisha. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Dada alikuwa akienda huko peke yake kwa basi, akilala siku mbili tatu. Mashine ilipokuja, kulala kukakoma. Na sasa Dada Mkubwa anaumwa moyo, miguu imejaa maji, mjini haji tena.

"Mchana si unakwenda kumwona?" nilimuuliza.

"Mchana tunazungumza dawa. Nakaa natazama saa nisikose basi la kurudi. Sisi, mdogo wangu, tumelala kitanda kimoja mpaka siku niliyoolewa. Maneno yetu huja taa ikishazimwa. Kuna jambo anataka kuniambia, namwona kabisa, analishika, halafu muda unaisha." Akatazama mikono yake. "Na miguu yake umeiona."

Nilikuwa nimeiona. Nilikuwa nimezungumza na daktari wake pia, na daktari alikuwa amezunguka zunguka kama watu wa kazi hiyo wanavyozunguka wakiwa hawana habari njema. Nilimwambia dada alale bila mashine, usiku mmoja tu.

"Nikatike pumzi ubavuni mwa mgonjwa wa moyo? Nitamuua kwa hofu." Akaniambia mpango wake. Mwezi uliopita alikuwa amepima kila kitu kwa futi yake: kutoka njiani, kukatiza uwanja, kupita dirishani, mpaka kichwani mwa kitanda. Barabara ya ziwani inapita njia panda ya kwetu. Wakifika hapo atamwambia shemeji akunje. "Nikishakuwa ndani ya gari na mizigo yote imo, atanishusha?"

"Mwambie leo."

"Jina hilo halitajwi nyumbani kwangu."

"Nani alikataza?"

"Hakuna aliyekataza. Halitajwi tu."

Nilikasirika, na nilimwambia kwamba nimekasirika. Watu wazima watatu, wajukuu wanawaangalia, wamekaa miaka na jambo moja kana kwamba likiachwa litaoza lenyewe na kuwa mbolea. Dada alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza waya utakuwa tayari lini. Huyo ndiye dada. Ukimwona kimya, ujue ameshaamua.

Nikakata waya sawa na uzi. Haukuwa mnene wa kutosha, na nilijua, lakini ndio niliokuwa nao kwa urefu ule.

Walipokuja kuchukua gari walikuja wote wawili, na mashine imo ndani ya begi ili tuijaribu. Shemeji alilikagua sanduku, akalipima, akasema limepinda upande mmoja kwa unene wa ukucha. Nikamwambia unene wa ukucha haujawahi kumnyima mtu usingizi. Alikuwa na furaha siku hiyo. Alizungumza juu ya ziwa, mahali watakapolaza gari ili jua la asubuhi lisiwachome, na jiko la gesi alilolisafisha. Dada alikaa kwenye benchi na begi mapajani. Nilimwonea shemeji huruma, na huruma hiyo ikanikera, kwa sababu sikuwa nimeitegemea.

Kisha akauona waya, umekunjwa nyuma ya siti.

"Huu wa nini?"

"Wa mashine," nikasema.

Aliupima uzito mkononi. Halafu, bila haraka, akachomoa futi yake ya chuma mfukoni, akaulaza waya chini na kuanza kuutembelea kutoka kichwa mpaka mkia. Mimi nilijitia kutafuta spana. Alisoma namba, hakuitaja. Akarudi mwanzo, akapima tena, na kumbuka kwamba ni mtu ambaye hapimi mara mbili ila akiwa na shaka na dunia, si na futi yake.

"Hema linakaa ubavuni mwa gari," alisema.

Akaiachia futi, ikajirudisha yenyewe.

"Kutoka alama ya njia mpaka ukuta wa chumba chake, napajua. Kilichobaki ni chumba." Alikuwa akizungumza taratibu, macho kwenye waya. "Na hiki kilichozidi ni cha nini?"

"Nafasi ya mshono," dada alisema.

Kosa lake lilikuwa kupima sawasawa. Angekuwa mke wa mtu mwingine angesema tu nataka waya mrefu, ukakatwa wowote, mume akasema mafundi umeme ni wapumbavu na safari ikaendelea. Na mume mwingine asingeijua namba ile hata angepigiwa tarumbeta. Lakini dada aliipima kwa uaminifu, na shemeji alikuwa ameibeba kichwani miaka yote, maana ndiyo iliyomgombanisha na ukoo mzima.

Shemeji alisimama pale, waya miguuni. Fundi wa matairi alipitisha kichwa mlangoni, akatuona, akakirudisha. Niliogopa. Sikuogopa ugomvi, wale hawagombani. Niliogopa kwamba ataukunja waya kwa adabu, atasema ziwani waya mfupi unatosha, na dada hatalala tena kwa dada yake hapa duniani.

"Waya huu," akaniuliza, "unene wake unatosha?"

"Hautoshi."

"Kwa nini?"

"Umeme wa betri ni mnyonge. Ukiupitisha mwendo mrefu kwenye waya mwembamba unafika umechoka. Mashine itawaka, lakini alfajiri betri ikianza kushuka itazima."

"Weka mnene."

"Sina wa urefu huo."

"Tafuta, shemeji. Wewe si fundi?"

Dada aliinua uso. "Na ziwani?" aliuliza, kwa sauti ndogo sana.

"Ziwa halihami," alisema. Akaukunja ule waya mwembamba vizuri, mzunguko juu ya mzunguko, akanipa. "Mimi sitashuka garini. Nitakupeleka, nitalala humo humo, asubuhi nitakurudisha. Hatalazimika kuniona."

Nilimpigia simu Dada Mkubwa mwenyewe. Nilimweleza mashine, betri, waya, dirisha, na mwisho kabisa nikamweleza dereva.

"Mdogo wangu aje," alisema. "Huyo mwingine abaki njiani. Si alisema ni njia ya watu wote? Basi na yeye ni mtu."

Tulikwenda. Wao wawili walikaa mbele, mimi nyuma kwenye bodi na sanduku langu, kwa sababu kazi ambayo sijaiona ikifanya kazi siihesabu kuwa imekwisha. Njia panda tulikunja bila mtu kusema neno. Dada Mkubwa alikuwa ameketi mlangoni, miguu juu ya kigoda, khanga imefungwa kifuani. Miguu ilikuwa mibaya kuliko nilivyoiacha. Dada alishuka, akaenda kumpigia magoti, wakashikana mikono, na sikuona sababu ya kuendelea kutazama.

Shemeji alibaki kwenye usukani, kioo kimeshushwa.

"Mwambie dereva wako asogee mbele kidogo," Dada Mkubwa aliniambia kwa sauti ambayo ingefika kwa jirani wa tatu. "Alisimamishe pale lilipokuwa jiko langu. Nafasi ipo. Alihakikisha mwenyewe."

Shemeji akasogeza gari bila kungoja nimfikishie ujumbe.

Nikautandaza waya mnene. Ukakatiza uwanja, ukapanda ukuta, ukaingia dirishani na kuteremka mpaka kichwani mwa kitanda, na pale palibaki kile kipande cha mshono, kiasi cha kumwezesha mtu kugeuka upande wa pili. Mashine ikawaka. Dada Mkubwa aliletwa kuiona, akaiwekea sikio, akasema inapumua vizuri kuliko yeye. Huko nje shemeji alikuwa amegundua kwamba kwenye kebini ya pikapu mtu wa urefu wake hawezi kunyoosha miguu. Akatoa hema na kulipiga njiani, kamba zimevutwa kwa hesabu ili mpita njia asijikwae. Kupitia dirishani Dada Mkubwa alimtazama tangu kigingi cha kwanza mpaka cha mwisho.

"Limenyooka," alisema, bila kumwambia mtu yeyote.

Wakati wa chakula alipakua sahani nne na kuisukuma moja upande wangu bila maelezo. Niliipeleka kwenye hema. Shemeji alikula yote, akaiosha sahani kwa maji ya dumu lake, akanipa niirudishe.

Usiku mimi nililala sebuleni. Kupitia ukutani nilisikia sauti za dada zangu, hazikuwa maneno, ni mvumo tu, mara mmoja anacheka, mara kimya kirefu. Sikujua walichoambiana, na mpaka leo sijauliza. Nilipitiwa na usingizi wakiwa bado wanazungumza.

Asubuhi nilitoka na mita yangu kwenda kuangalia betri. Shemeji alikuwa amechuchumaa kando ya sanduku, macho mekundu. Dada Mkubwa alikuwa amekwisha kutoka na kuketi mlangoni, na aliponiona nafungua mfuniko, hakunisemesha mimi.

"Shemeji," alisema.

Nilishika mita kwa mikono miwili.

"Naam, dada," shemeji akajibu, akasimama.

"Hukulala."

"Nimelala kidogo."

"Hukulala. Mara uko kwenye waya, mara uko chini ya dirisha. Nilikuwa nakuona."

Shemeji akafuta mikono yake kwenye suruali ingawa haikuwa na kitu. "Nilikuwa nasikiliza mashine. Nyumbani inakuwa ubavuni mwangu. Hapa nilikuwa naipata nusu nusu."

"Na mimi nilikuwa naisikiliza," Dada Mkubwa alisema. "Tulipomaliza mazungumzo yetu akalala, mimi nikabaki macho. Nikawaza, hiki kidude kisije kikazima." Akaweka mguu mmoja vizuri juu ya kigoda. "Kabla hakijaja, ulikuwa unafanyaje?"

"Nikisikia pumzi imekatika nasubiri kidogo. Isiporudi, namsukuma bega."

"Kila usiku?"

"Kila usiku."

Dada Mkubwa alitikisa kichwa polepole. "Mimi nilikuwa namfinya paja," alisema. "Tangu akiwa mdogo hivi. Anapiga kelele, mama anakuja, anaona nimemfinya mwenzangu usingizini, ananichapa mimi. Sikujua hata niseme nini. Siku mliyooana nililia, wakasema kifungua mimba ana wivu kwa kuwa ametanguliwa na mdogo wake. Mimi nilikuwa najiuliza, huko anakokwenda, nani atamfinya?"

Shemeji alitazama waya uliopita uwanjani, tangu gari mpaka dirishani. Sikumsikia akiomba radhi kwa ajili ya jiko, siku hiyo wala siku nyingine, na Dada Mkubwa hakuidai. Mimi niliisoma mita kwa bidii kubwa.

"Kimebaki kiasi gani humo?" Dada Mkubwa aliniuliza.

"Usiku mwingine hakitoshi. Gari likitembea itajaa tena."

"Likitembea wapi?"

"Popote. Mradi lisiwe limesimama tu na kuunguruma."

Alifikiri. "Ikijaa, atalala tena hapa?"

Nilimtazama shemeji, maana swali hilo halikuwa la fundi.

"Atalala," shemeji alisema. "Mpaka mtakapochokana."

"Basi litembee, na mimi nipandisheni," Dada Mkubwa alisema. "Nimechoka kuutazama uwanja huu. Nipelekeni nikaione barabara ya lami wanayoisema."

Kumpandisha kulichukua muda. Kreti la soda liliwekwa chini ya mlango wa gari, dada akamshika kiuno, na shemeji akainama kumpa bega. Dada Mkubwa aliliangalia lile bega kwa kitambo, kisha akalishika, akajivuta juu akihema. Dada akaingia upande wa dereva na kusogea akae katikati, maana ndiye mwembamba. Nikachomoa waya, nikaukunja, nikapanda nyuma.

Njia ilikuwa na mashimo na shemeji aliendesha kwa upole, kama aliyebeba mayai. Kupitia kioo cha nyuma niliwaona vichwa vitatu vikiyumba pamoja. Dada Mkubwa alikuwa akitazama mashamba upande wake, shemeji akitazama mashimo, na hawakuwa wakizungumza. Hatujafika mbali kichwa cha dada kikaanza kuinama, kikajiinua, kikainama tena, kikabaki huko. Usiku wake ulikuwa umeliwa na maneno, na sasa usingizi ulikuja kuchukua chake.

Niliona mabega yake yakipanda na kushuka. Kisha nikaona yametulia. Niliinua mkono kugonga kioo, lakini kiwiko cha shemeji kilikuwa kimeshakwenda begani mwake, na mkono wa Dada Mkubwa umeshakwenda pajani, vyote kwa pamoja. Dada akaruka. Akamgeukia huyu, akamgeukia yule, na nikaona mdomo wake ukiuliza kuna nini. Wao wawili walikuwa wakitazamana mbele yake, juu ya kichwa chake, na shemeji akakumbuka usukani.